Kona ya Tayabali

Jengo hili halina kona.
Mjenzi alifika njia mbili zinapokutana,
akaona haya kuukata ukuta, akaukunja
kama cherehani anavyokunja kola.
Juu ya kila dirisha kope ya zege,
na mistari mitatu inayozunguka nyumba nzima
bila kupumua; kileleni mlingoti
usio na bendera, na tarakimu: 1939.
Tisa ya mwisho imeng'oka mkia, imebaki sifuri.
Watu wa Tanga hawajali. Wanasema tu:
enzi za mkonge.

Mimi ni Mhina, mpaka rangi.
Jumatatu saa moja nimepanda mirunda
na msasa, na kisu cha kukwangua.
Bi Nargisi, mjukuu wa Tayabali,
aliyelinunua jengo la babu yake kwa mara ya pili,
ameniambia: "Kijivu, Mhina. Siku hizi
dunia nzima ni kijivu."
Nikasema sawa. Hela yake, ukuta wake.

Ila ukuta ukiukwangua hujibu.
Chini ya krimu, samawati ya hospitali.
Chini ya samawati, waridi la ufizi.
Chini ya waridi, chokaa ya haraka haraka,
ya mwaka ule majengo yalipobadili wenyewe
kwa tangazo la redio.
Na chini ya chokaa, kijani:
si cha jani, si cha bendera,
kijani cha chupa ya soda
ukiinyanyua juani kuona kama imekwisha.

Nashuka kunywa maji. Chini ni duka la maonyesho.
Makochi yaliyovalishwa nailoni, yasiyojua makalio.
Bafu la marumaru, bomba la rangi ya dhahabu
lisilounganishwa na maji yoyote.
Kitanda futi sita kwa sita, mito minane;
juzi mto mmoja umekutwa na shimo la kichwa.
Mlinzi Kilua anaapa ni panya.
"Panya mwenye kipara?" anauliza Bi Nargisi,
tunacheka sote, hata Kilua,
ila yeye anacheka akitazama viatu.

Mama yangu alikuwa mwanika singa, Ngomeni.
Siku ya mshahara alifika hapa,
kilemba kimejaa vumbi jeupe la katani,
akasogea mlangoni, asiingie, achungulie tu.
Ndani, kabati la milango mitatu, lenye kioo katikati.
Akaona mwanamke aliyechoka anamjia.
"Za kutwa, dada," akamwamkia,
akakaa kando ampishe.
Alitusimulia akicheka hadi machozi.
Sikuwahi kumwuliza machozi yale
yalikuwa ya kicheko chote.

Kabati lipo. Nyuma kabisa, baada ya vigae
na mapazia yanayoning'inia bila dirisha.
Bei halina. Wateja wa Dar wakiuliza,
Bi Nargisi huwapeleka kwenye meza za vioo.
Siku moja tu, umeme umekatika,
aliniambia kwamba alijificha mle,
ana miaka sita, walipokuja na karatasi,
na kwamba lilinuka mvinje na nondo,
na kwamba hakuna aliyemtafuta.
Umeme ukarudi. Akaniuliza nimebakiza ndoo ngapi.

Ijumaa nimemaliza. Kijivu, kope kwa kope.
Ila chini ya kope ya dirisha la tatu,
upande wa sokoni, nimeacha kijani,
upana wa kiganja.
Nikaingia kufuata malipo.
Kutoka kwenye kabati mzee wa vumbi ananijia,
nywele kijivu, nyusi kijivu, ndoo mkononi.
Nikampisha. Naye akanipisha.
Tukakwama pale kidogo.

Bi Nargisi akatoka, akavuka barabara,
akaiangalia nyumba kwa muda, kichwa ubavuni.
"Pale umesahau."
"Sijasahau."
Akaweka mkono juu ya macho, kama kope ya zege.
Akarudi. Akahesabu noti, akahesabu tena,
akanilipa,
akakata elfu mbili.