Mtungi wa Bukuru

Katonga, saa moja asubuhi. Kompresa inakohoa,
mtungi unapata joto kama mgongo wa mtoto mwenye homa.
Geji inasema mia mbili. Siiamini bado.
Ukizama ziwani utapoa, itasema mia na themanini na sita,
wala hakuna aliyeiba:
hesabu ya chembe ni ileile, joto ndilo lililotoka.

Mwalimu Ruhasha aliiandika ubaoni siku ya mvua:
kanieneo mara ujazo,
na ng'ambo ya alama ya sawasawa, moli, ile R ya kudumu, jotoridi.
Bati lilipiga kelele, sauti yake hatukuisikia, tulinakili tu.
Habari ya mchanganyiko aliingojeza mpaka mvua ikatike.
Kila gesi, akasema, hukaa mtungini
kana kwamba mtungi wote ni wake,
husukuma ukuta kwa nguvu yake yenyewe.
Ukuta hujumlisha.

Darasa zima liliandika. Mimi nilicheka.
Mimi ni Butoyi, nilizaliwa nyuma ya Bukuru,
na mama hakuwahi kujua teke lipi ni la nani.
Alijumlisha.

Sasa Bukuru hushuka mita thelathini
kutafuta samaki wenye mkia wa manjano
watakaopanda ndege kabla yetu.
Hapa mwambaoni, kwenye mwinuko huu, hewa haifiki moja kamili.
Kule chini inakaribia nne:
oksijeni nukta nane, bado rafiki,
nitrojeni tatu peke yake,
hiyo ndiyo humfanya ayasalimie mawe.
Haya nayajua. Nayaandika kwa mkaa kwenye gunia la saruji.

Lakini leo upepo umegeuka kutoka Bangwe.
Moshi wa jenereta umelala chini,
umetambaa hadi mdomo wa kompresa, na mimi nilikuwa nafunga kanga.
Yule ninayemwogopa hana harufu.
Aliyenuka ni mwenzake, dizeli.
Sina kipimo. Tuseme mafungu ishirini katika milioni:
hapa juu, jambo la kupigia miayo.
Chini, zidisha kwa nne, halafu mpe mtu mwenye nyavu mbili mkononi
na dakika arobaini.

Nikafungua koki.
Hewa ikalia, shaba ikaota umande, vidole vikafa ganzi,
kuku wa jirani wakakimbilia vichakani.
Hilali akatoka na suruali nusu:
"Unamwaga mafuta yangu!"
Nikasema, namwaga hewa.
Akasema, kwani tofauti ni nini?
Swali zuri. Sikumjibu.

Bomba nimelihamishia upande wa upepo, hatua ishirini.
Sifuri. Arobaini. Themanini.
Bukuru kakaa juu ya kreti, mkanda wa vyuma kiunoni,
anamenya muhogo wa kuchemsha, hanitazami.

"Umejaa?"
"Umejaa."
"Nibebe?"
"Bado. Uache upoe."