Sabufa ya Chini ya Ngazi

Dukani, Barabara ya Portage, ilikuwa dola mia nane kasoro moja,
kabla ya kodi.
Nyeusi, ndogo, imebanwa na nailoni kama mkate.
Kijana wa duka akaniwekea radi,
vidole vikanisisimka ndani ya mabuti ya theluji.
Nikamwambia nitarudi.
Mwanaidi akanitazama. Anaijua hiyo "nitarudi" yangu.

Kwenye basi, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi, nikapiga hesabu:
koni ya inchi kumi na mbili, mia na themanini;
amplifaya, mia mbili na kumi;
MDF, gundi, skrubu, rangi, tuseme mia.
Nimeokoa dola mia tatu na tisa!
Mzee wa kiti cha mbele akageuka,
maana niliisema kwa sauti, kwa Kiswahili,
na kwa furaha, Winnipeg, mwezi wa Januari.

Bahasha haikuandika msumeno.
Haikuandika jiliwa sita
(nne hazitoshi; nilijua saa tano usiku, gundi ikishaanza kushika).
Haikuandika koni ya pili,
baada ya bisibisi kuteleza na kuitoboa ya kwanza
tundu dogo, la punje ya mtama,
lililoniuma kuliko kidole.

Wala haikuandika vumbi.
Vumbi la MDF ni moshi uliochoka kupaa.
Liliingia kwenye tanuri inayopasha nyumba,
tanuri ikaligawa chumba kwa chumba,
tukalila kwenye chapati, tukalipiga chafya kazini,
na juu ya friji Mwanaidi akaandika kwa kidole:
MIA NANE KASORO MOJA.

Wiki tano nilishuka huko kila nikitoka zamu.
Nje, thelathini chini ya sifuri.
Ndani, mimi na Bwana Onyshko wa nyumba ya pili,
mstaafu wa reli, aliyekuja kulalamikia kelele
akabaki kunishikia ubao.
"Pima tena," husema.
Hajui lugha ya kwetu, sijui ya babu zake,
tulielewana kwa milimita.
Nilipopitisha kiganja kwenye pembe ya mwisho,
iliyolainika kwa msasa,
nilinyamaza.
Sijawahi kunyamaza hivyo mbele ya kitu cha dukani.

Basi boksi likawa tayari,
pana kama sanduku la bibi harusi,
zito la wanaume wawili na bismillahi.
Tukaliinua. Ngazi ya saba, penye kona, likakwama.
Tukalilaza ubavu. Likakwama.
Kichwa chini, miguu juu.
Likakwama.
Nilikuwa nimepima lita za hewa,
nimepima mitetemo kwa sekunde,
nimepima bomba hadi nusu ya milimita.
Ngazi sikuipima.

Bwana Onyshko akakaa juu ya boksi, akacheka hadi miwani ikadondoka.
Mwanaidi, kule juu, hakucheka. Alisema tu,
"Mtaka cha mvunguni?"
akaanza kushusha mito ya kochi, mmoja mmoja.

Jumamosi tulitazama filamu ya nyambizi, sote chini ya blanketi moja.
Besi sikuisikia; niliikalia.
Ilitoka kwenye zege, ikashika visigino,
ikapita kwenye goti langu bovu bila kuomba radhi,
ikanigonga kifuani
kama mgeni anayebisha akijua upo.

Jumla: dola elfu moja, mia na arobaini.
Ukitaka sauti, kanunue.
Ile ya dukani ni nzuri, na inapita mlangoni.

Hii yangu, kila nyambizi inapopasuka,
bado inapumua kwenye bomba lake
vumbi kidogo, laini, la Januari,
na Mwanaidi, macho yakiwa kwenye skrini,
anafunika kwa kiganja bakuli la bisi.