Bwawa la Tatu, Vingunguti

Saa kumi na mbili asubuhi nateka ndoo moja,
si ya kisima, ya bwawa la tatu,
mahali mji wote unapokutana
bila kusalimiana.
Humo mna amoksilini ya mtoto wa Buguruni
aliyepona siku ya pili, dozi ikatupwa chooni;
mna presha ya mstaafu wa Ilala,
diklofena ya kuli wa Kurasini,
na vidonge vya uzazi wa mpango
vya mtu asiyetaka kutajwa.
Pua husema: kinyesi.
Karatasi ya maabara husema majina.

Bakteria nimewajengea nyumba:
makopo ya rangi, vijiti vya kaboni
nilivyochomoa kwenye betri za redio zilizokufa,
utando katikati, waya mwekundu, waya mweusi.
Upande huu matope na giza, upande ule hewa.
Wanakula, na wakila wanatema umeme
kidogo kidogo,
kama mdaiwa anayelipa kwa sarafu.
Milivolti mia nne na kumi.
Kiswabi, mlinzi wetu, anacheka:
“Hiyo hata kitochi hakichaji, dada Mwanahawa.”
Haba na haba, namjibu. Na kibaba chenyewe kidogo.

Wiki ya kumi na moja, majibu:
amoksilini, imekwisha.
Panado, imekwisha.
Diklofena, imebaki robo.
Kabamazepini, ileile.
Ileile kama ilivyoingia.

Naijua hiyo. Ya kifafa.
Niliihesabu kiganjani mwa kaka yangu Mbwana,
asubuhi kimoja, jioni kimoja, miaka tisa,
chumba chetu cha Kiwalani,
nikingoja ameze, afumbue kinywa, nione ulimi.
Tulimzika Mfungo Sita.
Dawa yake bado inatembea,
inavuka bwawa hadi bwawa, inashika njia ya Msimbazi,
haina habari ya msiba.

Msimamizi anataka nibadilishe matope,
maji yakae siku mbili zaidi, nipime upya.
Nitapima. Ndiyo kazi.
Ila leo, kabla sijaimwaga ndoo,
nimekaa nayo kidogo
kama mtu akaavyo na mgonjwa aliyelala.

Kisha nimeunga makopo matano, mkia kwa kichwa,
na mwisho wa waya kijitaa chekundu,
punje ya mtama.
Jua limeshapanda, hakionekani.
Kiswabi amevua kofia yake,
ameinama, amekikinga,
na humo ndani ya kofia
kinawaka.