Daftari la Mwezi Mei

Lori liliondoka Jumanne alfajiri, nyasi zikiwa nyeupe kwa jalidi.
Ndama ishirini na watano. Mama zao walilia siku mbili
kando ya seng'enge, nami sikulala,
si kwa huruma: kwa kelele.

Leo wamenyamaza. Nimefungua daftari.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
na yangu, yenye daftari, hupotea vilevile,
ila najua ilikopitia.

Kilo elfu nne mia moja ishirini na tano,
kila kilo dola mbili na senti sitini.
Bwana Ferreira alibonyeza kikokotoo kwa kidole kimoja
akanionyesha kioo: elfu kumi, mia saba ishirini na tano.
Nikasimama pale zizini Caraguatá, tope hadi vifundoni,
kwa dakika nne hivi nikiwa tajiri.

Kisha dalali. Kisha lori.
Kisha dawa ya kupe, ambayo kupe hawaiheshimu tena.
Waya, chumvi, daktari aliyetia mkono hadi begani
akasema, "Huyu anayo. Huyu anayo. Huyu hana."
Kisha fahali, ambaye kuanzia kiunoni hadi mkiani bado ni wa benki.
Kisha majani makavu ya kiangazi cha mwaka juzi,
yaliyoliwa yakaisha, yakawa samadi, samadi ikawa nyasi,
na deni lake lingali linacheua.

Imebaki elfu moja mia moja arobaini.
Nikaigawa kwa siku za mwaka, jambo ambalo sikupaswa kulifanya:
dola tatu na senti kumi na mbili.
Buchani kwa Olivera siku yangu nzima
hainunui nusu kilo ya mbavu
za mnyama niliyemlea mwenyewe.

Mitamba sita nimebakiza. Ndiyo akiba, au ndiyo kamari.

Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume:
waache waseme. Hapa dume ndiye tunayemwomba, dume ana kilo.
Kazi ipo kwa majike kama Mia na Kumi na Saba,
Terca, mkaidi, mwaka wa pili huu hana kitu tumboni
na anakula sawa na mzazi.
Hesabu inasema auzwe. Nimeandika: auzwe.
Mwaka jana pia niliandika, ukurasa huo wa nyuma, kwa kalamu hii hii.

Saa mbili usiku Wilmar akapiga simu kutoka Montevideo.
Kaka yangu ana mtu wa mikaratusi:
watapanda hekta zote mia na arobaini, watalipa kila Januari,
mara saba ya ng'ombe, nami nilale hadi saa tatu.
Sijawahi kulala hadi saa tatu. Sijui hufanywaje.

"Mwaka huu umepata ngapi, Zulma?"
Kibuyu cha yerba kilikuwa kimepoa mkononi.
Nje mmoja wao alikohoa.
"Elfu tatu," nikasema. "Na ushee."
Akanyamaza. Nilimsikia akigawa.
"Si mbaya," akasema.

Nikachukua tochi kwenda kutazama maji.
Terca alikuwa amelala karibu na birika, akicheua,
mvuke ukimtoka puani.
Nikamtajia bei yake, kilo kwa kilo.
Akameza, akangoja kidogo,
akalirudisha donge mdomoni.