Mizani ya Asubuhi

Kavugho, simama hapa, upande wa sindano.
Usiegemee. Mizani hii ilikuwa ya kupimia kahawa,
tuliirithi kwenye depo moja ya Sake iliyofungwa,
na ukiigusa kwa goti inaongeza kilo mbili.

Saa kumi na mbili na nusu. Vumbi jeusi la volkano
limeshaingia kwenye chai.
Paluku yuko juu ya helikopta, kichwa ndani ya injini,
anaisemesha Kinande kwa sauti ya chini
kama mtu anayedai deni kanisani.
Akishuka bila kutukana, tutaruka.

Somo la kwanza: huku tuko juu.
Hewa ya Goma ni nyepesi, haibebi uongo.
Gunia la maharage likiandikwa hamsini, na kumbe ni sitini,
zile kumi hazipotei. Zinatungoja
juu ya vilima vya Masisi, pale mashine inapoanza kutetemeka
na rubani ananyamaza.

Kila mtu huiba kidogo. Kanali atatuma mbuzi.
Mbuzi wa kanali hapimwi, atakuambia mlinzi wake.
Mpime.
Kapteni Ngoie mwenyewe huvua viatu kabla ya kupanda,
anavuta tumbo ndani, kana kwamba sindano ina macho.
Mwandike tisini na mbili, mrudishie viatu, usicheke.
Cheka akishafunga mlango.

Wanajeshi wapande mmoja mmoja, na bunduki, na sufuria,
na kila kilichofichwa chini ya koti la mvua.
Ndivyo nilivyomjua Amuli.
Alikuwa mwembamba kama mti wa bendera,
lakini mfuko wake uliivuta sindano vibaya.
Nikamwambia fungua. Akatoa pasi.
Pasi ya makaa, ya chuma, yenye jogoo kwenye kifuniko.
Msituni, Amuli? Utampigia nani pasi, nyani?
Kikosi kizima kikacheka, hata mbuzi akalia.
Akasema: *Afande, mama yangu ni fundi wa nguo kule Birere.
Akisikia nimevaa sare yenye makunyanzi atakuja kunichukua.*
Nilipaswa kuiondoa. Kilo tatu na nusu.
Nikapunguza debe la mafuta ya mawese, nikaiacha ipande.

Amuli, pamoja na vyote: sabini na moja.
Tazama, ukurasa huu. Penseli haifutiki kirahisi ukiikandamiza.

Wiki ya tatu helikopta ikarudi kutoka Walikale
na turubai moja limefungwa kwa kamba ya chukudu.
Hakuna bunduki. Hakuna mfuko. Hakuna pasi.
Tukamweka juu ya mizani, mimi na Paluku,
kwa sababu anayerudi naye hupimwa,
ndege haijui nani anapumua.
Sabini na nne.

Nikasoma tena. Nikafuta kioo kwa mkono wa shati.
Sabini na nne.
Kapteni akasema andika sabini, twende, mafuta yanaisha.
Paluku akasema: *Ni maji. Siku tatu za mvua.
Nguo hunywa, dada.* Akaenda kunawa mikono,
akanawa muda mrefu.

Mimi nikaandika sabini na nne.
Safu ya mwisho, ile ya maelezo, niliiacha wazi.
Unaiona? Bado iko wazi.
Nilifikiria kuandika *mvua*, lakini mvua
ingekuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Mama yake nilimwona mara moja, Birere, mbele ya cherehani.
Nilikuwa na suruali ya kupunguzwa.
Sikuitoa.

Basi, shika penseli. Funga nywele, mapanga yataanza.
Upepo wake unang'oa karatasi, kwa hiyo laza kifua juu ya daftari
mpaka wanyanyuke, mpaka mchanga utulie.
Paluku ameshuka. Hajatukana.
Huyo anakuja Kapteni,
na viatu ameshavishika mkononi.