Waya wa Hasi

Rēzekne, Februari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Gari la mikate la Ontons limeingia likikohoa,
chumvi ya barabara imelilamba mpaka magotini,
na ile taa ya njano mbele ya usukani
nyekundu kidogo, kama jicho la aliyekesha.

"Vali ya kurudisha moshi," anasema kabla sijauliza.
"Mashine yao ilisema vali. Nikabadilisha.
Ikasema vali tena. Nikabadilisha tena."
Anaziweka mezani zote mbili, nyeusi kwa masizi,
kama mtu anayeonyesha meno aliyong'olewa bure.

Mashine hutaja mtaa, haitaji nyumba.
Nyaya ni tano: mbili za mota,
tatu za kitambuzi kinachoiambia kompyuta
mlango umefunguka kiasi gani.
Nadunga sindano nyuma ya plagi, nasoma mita.
Umeme wa kwenda: volti tano, barabara.
Jibu: volti tano pia,
ilhali vali imefungwa, nimeiona kwa macho yangu,
imefungwa ndi,
na inaapa kuwa iko wazi.

Njia ya mwongo ni fupi.
Hii naikadiria sentimita arobaini.

Basi hasi. Watu huisahau hasi.
Kila mtu huulizia umeme unaoingia,
hakuna anayeuliza unarudi kwa njia gani.
Sindano moja kwenye hasi ya kitambuzi,
nyingine kwenye nguzo ya betri:
ingepaswa kuwa sifuri, au jirani yake.
Ni nne na kitu. Kisha sifuri. Kisha nne.
Nalitikisa fungu la nyaya polepole,
kama anayepapasa mguu wa farasi akitafuta panapouma,
na nyuma ya kitako cha betri tarakimu zinaruka.

Hapa.

Nachana gamba. Utepe mwekundu.
Ndani yake ncha mbili zilizosokotwa kwa vidole,
hazikulehemiwa, shaba imekuwa unga wa kijani.

Mjini hapa ni mtu mmoja anayetumia utepe mwekundu,
makasha mawili, yalipopunguzwa bei,
na kasha la pili liko rafuni,
nyuma ya kisogo cha Ontons.

Ilikuwa Ijumaa. Panya alikuwa ametafuna waya,
mwanangu alikuwa na homa, nilishavua ovaroli.
Nikasema: itashika mpaka Jumatatu.
Imeshika miaka mitatu.

Ontons anapuliza chai. "Umeona nini, Vizma?"

Ningeweza kusema panya. Panya hana wakili.

Nakata pande zote mbili mpaka shaba inayong'aa,
nalehemu, navisha mpira, naupasha moto mpaka unywee.
Mita: sifuri nukta sifuri mbili.
Jibu la kitambuzi: sifuri nukta tisa,
sauti ya mlango uliofungwa na unaojua umefungwa.
Nafuta msimbo. Taa inazimika.

"Waya huu," namwambia, "niliufunga mimi."
Namwonyesha utepe. Namwonyesha rafu.

Anaziangalia zile vali mezani.
Midomo yake inacheza bila sauti,
anahesabu, nadhani, kwa mikate.
Injini inanguruma taratibu.
Nasubiri, mita ingali mkononi,
imewashwa, sindano zinaning'inia hewani,
haipimi kitu.