Mkanda

Mashine ilifika Kahangara na bendera ubavuni,
stika ya plastiki: "Zawadi ya watu wa",
jina la nchi lilichubukia njiani.
Tukapiga vigelegele. Mpiga picha akasema rudieni,
Kabula alikuwa amefumba macho.

Miezi saba tulikoboa mpunga wa vijiji vitatu,
pumba tukawauzia wafuga kuku wa Nyanguge.
Kisha Jumanne moja, katikati ya gunia la Nyanzobe,
mkanda ukakatika, paa!
kama kofi la shemeji.

Niliandika barua. Wafadhili wakajibu kwa upole
kwamba fungu la vipuri lilifungwa Juni.
Haba na haba, tukaambizana,
lakini kibaba chenyewe tulikuwa tumeazima.

Mimi mweka hazina nikauvaa mkanda shingoni
kama Myeye na chatu wake,
nikazunguka Mwanza mjini duka kwa duka
hadi nyuma ya Makoroboi, kwa fundi Kwilasa.
Akapima kwa shubiri, akakata
mkanda wa trekta la pamba lililokufa zamani.
Elfu thelathini na nane. Risiti hakuna.

Leo fomu yao inasema: "Eleza mafanikio."
Nimeandika magunia. Nimeandika wanachama arobaini na mmoja.
Mkanda sijui niuweke wapi.

Mashine inanguruma, upepo wa ziwa unatutia pumba machoni,
stika imebanduka nusu,
na Nyanzobe amesimama mlangoni anauliza
gunia lake lile, lililokatikia kati,
lihesabiwe la mwaka jana
au la mwaka huu.